Mama anaharisha mara ya tatu: je, kinyesi cha mtu mwingine kitamponya?

Swali limetoka kwa Mama Neema wa Igoma, Mwanza. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63 na ana kisukari. Miezi minne iliyopita alilazwa kwa kidonda cha mguu, akachomwa sindano za antibayotiki siku kumi. Tumerudi nyumbani, wiki haijaisha, akaanza kuharisha mara nane mpaka kumi kwa siku, maji matupu yenye harufu kali. Wakampima, wakasema ni bakteria anaitwa C. difficile. Akapewa Flagyl, akapona. Baada ya wiki tatu ikarudi. Akapewa vankomaisini ya kunywa, akapona tena. Sasa ni wiki ya pili tangu amalize dozi na imerudi. Kaka yangu yuko Uingereza, anasema kule wanachukua kinyesi cha mtu mwenye afya, wanakiingiza tumboni kwa mgonjwa, na anapona. Jirani yetu aliyewahi kufanya kazi zahanati anasema tunaweza kufanya wenyewe kwa bomba, mimi ndiye nitoe. Niko tayari kumtolea mama yangu chochote. Lakini mama mwenyewe kasikia, kasema heri afe. Je, tiba hiyo ipo kweli? Na nikiifanya nyumbani nitakuwa nimekosea?"

Marahaba, Mama Neema, na pole kwa kuuguza. Najua kazi ya kumwamsha mzazi usiku mara tano kumpeleka chooni, kufua mashuka kabla jua halijatoka, na bado asubuhi watoto waende shule.

Tiba ipo. Ni ya kweli, imepimwa kwa utafiti makini, na kwa ugonjwa huu hasa wa mama yako, ukiwa umeshamrudia mara mbili, inaponya kuliko kurudia dozi ileile ya dawa. Kaka yako hajadanganywa. Ila kuifanya nyumbani kwa bomba la jirani ni kosa, na wewe unayemuuguza ndiye mtu wa mwisho ambaye ningemchagua kutoa hicho kinyesi. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu mtu aliye tayari kumtolea mzazi wake chochote hatosheki na neno "usifanye" peke yake.

Umekulia Mwanza, kwa hiyo tuanzie ziwani. Umewaona watu wanaovuta kokoro ufukweni. Kokoro halichagui. Linabeba sangara mchanga, sato, furu, mayai na majani, mpaka tope la chini linakwaruzwa. Antibayotiki alizochomwa mama kwa ajili ya mguu zilifanya hivyohivyo ndani ya utumbo mpana. Zilikuwa za lazima, kidonda cha mguu cha mtu wa kisukari kinaweza kumkatisha mguu, tena kinaweza kumuua, na madaktari waliompa hawakukosea. Lakini zilipokuwa zinawaua bakteria wa kidonda, ziliwafagia pia wenyeji wa tumbo: matrilioni ya bakteria wa aina mamia, waliokuwa wanaishi humo tangu mama akiwa mtoto, wakimsaidia kusaga chakula na kumlinda.

Ghuba ikikosa cha kuyazuia, unajua kinachokuja. Magugu maji. Hayana nguvu za ajabu, yanapata tu nafasi. C. difficile ni gugu la namna hiyo. Baadhi ya watu wanaye kidogo, au wanameza mbegu zake hospitalini kutoka kwenye vitasa vya milango, reli za vitanda na mikono ya sisi wahudumu, na hawaumwi, kwa kuwa wenyeji wa tumbo hawampi nafasi. Wenyeji wakiondoka, mbegu zinachipua, naye anaanza kutoa sumu mbili, A na B, zinazochubua ukuta wa utumbo mpana. Ndiyo hayo maji na hiyo harufu.

Hapa kuna jambo ambalo mimi naliona la ajabu na zuri, nalo limeeleweka miaka ya karibuni tu. Ini hutoa nyongo. Asidi za nyongo zikifika utumbo mpana, bakteria wenyeji huzibadilisha. Zile ambazo hazijabadilishwa huamsha mbegu za C. difficile. Zilizobadilishwa humzuia asikue. Kwa hiyo mtu mwenye wenyeji wake salama ana kizuizi alichotengenezewa na nyongo yake mwenyewe, na mtu aliyefagiliwa ana nyongo ileile, ila sasa inamwamsha adui.

Sasa umeona kwa nini ugonjwa unarudi. Flagyl na vankomaisini zinakata magugu. Mbegu haziziwezi. Mbegu za magugu maji hukaa kwenye tope miaka na miaka, na za C. difficile hukaa tumboni na kwenye sakafu ya choo chenu miezi mingi. Na vankomaisini nayo ni kokoro jingine, inaua C. difficile pamoja na wenyeji wachache waliokuwa wanaanza kurudi. Siku dawa inapokwisha, ghuba ni tupu tena. Ndiyo maana katika kila wagonjwa 5 wanaopona mara ya kwanza, kama mmoja hurudiwa, na aliyekwisha kurudiwa mara moja, hatari ya kurudiwa tena inakaribia nusu. Mama yako hana damu mbaya, hajarogwa, wala hakukosea kumeza dawa. Yuko kwenye mzunguko ambao dawa yenyewe inausaidia kuendelea.

Miaka ya 1990 magugu maji yalipoziba mialo ya ziwa letu, watu walikata kwa mapanga na mashine, yakarudi. Kilichosaidia sana ni kuachia mbawakawa wadogo wanaoyala, kiumbe hai dhidi ya kiumbe hai. Kupandikiza kinyesi ni wazo la namna hiyo: unarudisha wenyeji wenyewe, wote kwa pamoja, kutoka kwenye tumbo ambalo bado limejaa.

Wazo si geni. Huko China, katika karne ya 4, mganga Ge Hong aliandika juu ya kuwanywesha kinyesi kilichochanganywa na maji wagonjwa walioharisha vibaya sana. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Denver, Marekani, Ben Eiseman, aliandika pamoja na wenzake habari za wagonjwa wanne waliokuwa hoi kwa uvimbe mkali wa utumbo baada ya antibiotiki. Aliwapa kinyesi cha watu wazima wa afya kwa njia ya haja kubwa, wakapona. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa mhusika ni C. difficile. Hilo lilijulikana miaka 20 baadaye, mwaka 1978.

Kilichonifanya mimi niamini ni utafiti wa Amsterdam uliochapishwa mwaka 2013. Walichukua watu wa aina ya mama yako, waliorudiwa. Kundi moja wakapewa vankomaisini siku chache, wakasafishwa utumbo, kisha wakaingiziwa kwa mpira wa puani maji yaliyochujwa ya kinyesi cha mtu aliyepimwa. Kundi la pili vankomaisini peke yake, na la tatu vankomaisini na kusafishwa utumbo tu. Waliopandikizwa walikuwa 16. Kwa mara moja tu walipona 13. Watatu waliobaki wakarudiwa kupandikizwa kutoka kwa mtoaji mwingine, wakapona 2. Kwenye kundi la vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13, na kundi la tatu 3 kati ya 13. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Nimesoma tafiti nyingi maishani, chache sana husimamishwa kwa sababu tiba ni nzuri mno.

Tangu hapo njia zimeongezeka. Wengine huingiza kwa kamera ya njia ya haja kubwa, wengine kwa enema, yaani kwa bomba la njia ya haja kubwa. Wapo wanaokausha au kugandisha na kujaza kwenye vidonge vya kumeza. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2017 ulilinganisha vidonge na kamera, na pande zote mbili walipona zaidi ya 9 kati ya kila 10. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2022 unaruhusu tiba hii kwa mtu mzima aliyekwisha kuugua mara mbili au zaidi na akathibitishwa. Hapo ndipo kaka yako alipolisikia, na kwa kipimo hicho mama anaingia. Marekani imesajili dawa mbili zilizotengenezwa kutoka kwenye kinyesi cha watoaji: Rebyota, ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, mwaka 2022, na Vowst, ya vidonge, mwaka 2023. Bei zake ni maelfu ya dola, sitaki uzitamani bure.

Sasa la nyumbani.

Mwezi wa sita mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa nchi nzima. Wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walikuwa wamepandikizwa kinyesi cha mtoaji mmoja. Mtoaji alikuwa mzima, anatembea, anafanya kazi, amepita vipimo. Lakini kinyesi kile kilikuwa kimeandaliwa kabla hawajaanza kupima aina fulani ya bakteria sugu wa E. coli, wale wenye kimeng'enya kinachovunja antibayotiki nyingi. Wote wawili bakteria huyo aliingia kwenye damu. Mmoja akafa. Hiyo ni hospitali yenye maabara, majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na fomu ndefu za watoaji. Jirani yako ana bomba.

Na sisi wa ukanda wa ziwa tuna sababu zaidi ya kuogopa. Watafiti wa hapahapa Mwanza wamewakuta bakteria hao sugu kwenye vinyesi vya watu wa mitaani wasioumwa chochote, sababu mojawapo ikiwa antibayotiki tunazonunua kama karanga kwenye maduka ya dawa. Ongeza amiba, jiadia, minyoo, na homa ya ini ambayo mtu anakaa nayo miaka bila kujua. (Wengi wataniuliza kuhusu kichocho. Mayai ya kichocho cha tumbo hayawezi kumwambukiza mgonjwa moja kwa moja, lazima yapite kwanza kwa konokono wa majini. Hata hivyo mtu mwenye kichocho hafai kutoa, utumbo wake mwenyewe unaumwa.) Mtoaji wa kweli hupimwa damu kwa ajili ya VVU, homa ya ini na kaswende, na choo chake hutafutwa Salmonella, Shigella, vimelea, C. difficile mwenyewe na hao sugu niliowataja. Asiwe ametumia antibayotiki miezi mitatu iliyopita. Benki moja ya kinyesi ya Marekani ilikuwa inakubali watu wasiozidi 3 katika kila 100 waliojitokeza. Ni rahisi zaidi kukubaliwa kutoa damu.

Na wewe, Mama Neema. Umefua mashuka yake miezi minne. Umemwosha. Mnatumia choo kimoja. Uwezekano kwamba umekwisha kumeza mbegu za C. difficile ni mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote Igoma. Huumwi kwa sababu wenyeji wa tumbo lako wapo, lakini ukimpa mama kinyesi chako huenda unamrudishia adui yuleyule. Upendo wako hauna kasoro hata kidogo. Kinachonitia hofu ni ukaribu wenyewe.

Sitakuficha kwamba wapo watu nchi za mbali waliofanya nyumbani na wakapona. Wapo pia tusiowasikia. Mama ana miaka 63, ana kisukari, ukuta wa utumbo wake umechubuka. Huyo si mtu wa kujaribiwa.

Je, hapa Mwanza atapata? Si tiba ya kawaida hapa, na sitakutuma dirishani ukaulizie bure. Kwa hiyo kabla ya kufikiria ndege, kuna kazi ya kufanya hapa, na kusema kweli hapa ndipo nina matumaini zaidi juu ya mama yako.

La kwanza, je, safari hii ni C. difficile kweli? Kipimo kinachotafuta vinasaba vyake kinaweza kuendelea kusema "yupo" wiki nyingi baada ya mtu kupona. Na utumbo uliochubuka huweza kuendesha kwa wiki kadhaa bila adui kurudi. Choo chepesi mara tatu kwa siku si sawa na maji mara kumi. Mwulize daktari kama kipimo kilichofanyika kinaonyesha sumu yenyewe au bakteria tu. Halafu angalia mfuko wa dawa za mama. Kama anatumia metformini kwa kisukari, dawa hiyo yenyewe huharisha, na mtu anayepoteza maji mengi akiwa anaimeza anaweza kupata madhara makubwa ya figo na damu. Nimewahi kumwona mama mmoja aliyezungushwa vipimo miezi miwili, kumbe dozi ya metformini ilikuwa imeongezwa mara mbili wiki ileile alipoanza kuharisha. Usiisimamishe mwenyewe, lakini iseme. Na kama anameza omeprazo au dawa nyingine ya kupunguza asidi, iulizie kama bado anaihitaji, maana asidi ya tumbo ni mlinzi mmojawapo.

Ikithibitika kuwa ni C. difficile, bado kuna njia ambayo mama hajaijaribu. Alipewa dozi moja ya vankomaisini, ikakatwa ghafla, kama nimekuelewa. Kwa mtu aliyerudiwa, dawa hiyohiyo hutolewa kwa kushushwa polepole. Mgonjwa hunywa mara 4 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14, kisha mara 2 kwa siku kwa wiki moja, kisha mara 1 kwa siku kwa wiki moja, kisha kila baada ya siku 2 au 3 kwa wiki kadhaa, hata 8. Siku ambazo dawa haipo, mbegu zinachipua na wenyeji wanapata nafasi ya kuota; dozi inayofuata inawakuta walioamka. Wagonjwa wengi huondoka kwenye mzunguko kwa njia hii tu. Mpango na dozi aviandike daktari wake. Kama vidonge havipatikani, dawa ya sindano hunywewa: kichupa cha miligramu 500 kinayeyushwa kwa maji, kinagawanywa mara nne, inahifadhiwa kwenye friji. Ni chungu sana, changanya na sharubati isiyo na sukari wakati wa kunywa. Na mtu yeyote akitaka kumtundikia mama vankomaisini ya mshipani kwa ajili ya kuharisha huku, mzuie kwa adabu, umwombe apige simu kwa daktari wenu. Ikipita kwenye damu haifiki ndani ya utumbo mpana.

Ipo pia antibayotiki nyingine, fidaksomaisini, ambayo inawagusa wenyeji kidogo zaidi na ugonjwa hurudi mara chache. Ni ghali. Kaka yako aliyeko Uingereza akitaka kusaidia kwa pesa, aulizane na daktari wa mama juu ya hiyo kwanza, kabla ya tiketi.

Kama hata kushusha dozi polepole kukishindwa, hapo mwombe daktari barua ya kwenda kwa bingwa wa mfumo wa chakula hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, mkiwa na majibu yote ya maabara kwa tarehe zake, ili azungumze na wenzake wa nje juu ya kupandikizwa. Njia hiyo ni ndefu. Lakini mgonjwa mwenye karatasi zake kamili hufika, na asiyekuwa nazo huanzishwa upya kila mlango.

Nyumbani, jambo moja linashinda yote: sabuni na maji yanayotiririka. Vile vitakasa mikono vya spiriti haviui mbegu za C. difficile kabisa. Nikiwa daktari kijana, katika wodi moja, beseni la kunawia lilikauka wiki nzima, tukawa tunapita kitanda hadi kitanda na kichupa cha spiriti mfukoni, tukijiona wasafi. Vitanda vitatu vilivyopakana vikaanza kuharisha, kimoja baada ya kingine. Yule mzee wa kitanda cha mwisho alikuwa amekuja kwa kifua tu. Mpaka leo nikiingia wodini huangalia bomba la maji kabla ya kuangalia faili. Kwa choo chenu, chukua sehemu 1 ya klorini ya dukani kwa sehemu 9 za maji, pakaa sakafu, sinki na kitasa, acha dakika 10, ndipo ufute. Mashuka yenye uchafu yaloweke peke yake, usiyapukute hewani. Anywe ORS, si soda wala juisi. Vidonge vya kuzuia kuharisha asimeze bila kuambiwa, vinafungia sumu ndani. Na tumbo likijaa na kuwa gumu, akapata homa, akaona damu, mkojo ukapungua, au kuharisha kukakoma ghafla huku tumbo linavimba, msisubiri asubuhi.

Mguu ukichafuka tena na akahitaji antibayotiki, mtaje C. difficile kwa kila atakayemwandikia dawa, kila mara, hata kama mmeshasema jana. Achague inayolenga bakteria wa aina chache, kwa siku chache zinazotosha. Zile za kununua mwenyewe kwa kikohozi na mafua, zisiingie ndani ya nyumba hiyo.

Nisemezane kidogo na wengine watakaosoma hapa na kusema "hata mimi tumbo langu ni sugu, nipandikizwe". Kuharisha kwingi kwa muda mrefu kwetu huku pembezoni mwa ziwa si C. difficile. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2015 ulimkuta kwa wagonjwa wachache tu, chini ya 1 kati ya 10 waliokuwa wanaharisha. Ni jiadia, ni amiba, ni kichocho, ni VVU ambayo haijapimwa, wakati mwingine kifua kikuu cha matumbo au uvimbe wa utumbo. Nilimhudumia muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliyetibiwa "taifodi sugu" mara tano ndani ya mwaka mmoja, kila mara dawa kali zaidi. Choo chake kilipotazamwa vizuri kwa darubini kilikuwa na mayai ya kichocho tele. Vidonge vya prazikwanteli, dozi ya siku moja, vikammaliza. Kupandikiza kinyesi kumethibitika kwa C. difficile anayerudi. Kwa magonjwa mengine ya tumbo bado watu wanatafiti, na anayekuuzia "kusafisha na kujaza upya utumbo" kwa kila ugonjwa, mwachie bidhaa yake.

Nimeiacha mwisho ile ya mama kusema heri afe, maana ndiyo iliyonigusa zaidi.

Usimlazimishe na usimfiche. Tiba hii hatakiwi kuitumia mtu asiyeikubali, awe na ugonjwa gani. Lakini nadhani alichosikia ni neno tu, na neno lenyewe ni zito kwa mtu wa heshima zake. Kaa naye jioni akiwa ametulia, umwulize juu ya kibuyu cha maziwa. Kama amekulia Usukumani atakwambia: kibuyu cha kugandishia hakioshwi kikaisha, unabakiza kidogo, maziwa mapya yanashikwa na yale ya jana. Siku mtoto akikiosha kwa maji ya moto, maziwa yanaharibika, yanatoa harufu, na hata ukimwaga ukaweka mengine yanaharibika tena. Unakwenda kwa jirani mwenye kibuyu kizuri, unaomba kidogo cha kuanzia. Mwambie tumbo lake lilioshwa kwa maji ya moto ya zile sindano. Kinachotafutwa ni cha kuanzia, kilichochujwa, kilichopimwa, asichokiona wala kukinusa, wakati mwingine ndani ya kidonge kisicho na ladha. Akitaka kumwuliza padri au shehe wake, mpeleke. Na mwambie pia kwamba huenda hata hatahitaji, kwa sababu dozi ya kushusha polepole hajaijaribu.

(Na akikuuliza kama mtindi basi si utatosha: anywe, ni chakula kizuri, lakini bakteria wa mtindi ni wapita njia, hawaoti kwenye utumbo mpana.)

Kesho asubuhi chukua kikopo safi chenye mfuniko, cha maabara, weka choo cha majimaji kilichotoka muda uleule, kisichochanganyika na mkojo wala klorini, ukifikishe ndani ya saa mbili. Kama asubuhi hiyo choo kitakuwa kimeanza kushikana, usipeleke. Nenda na orodha ya dawa zake zote na tarehe za dozi zote mbili zilizopita, uombe mazungumzo juu ya kushusha vankomaisini. Majibu yakitoka niandikie.